Firigisi ya Jogoo Wangu

Kasongo sasa tuna baa inayouza kijiji. Mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa, alipotelea Goma miaka mingi, akarudi na jenereta, spika kubwa mbili na wazo. Alipiga mabati, halafu juu ya mabati akaweka nyasi. Ukutani akatundika nyungo, vikapu, mikeka na migono ya kuvulia samaki aliyoinunua Nyangwe kwa watu waliokuwa bado wanaitumia. Wahudumu wamefungwa majani ya raffia kiunoni, juu ya suruali za jinzi. Kila meza ina ngoma ndogo ya kumwitia mhudumu. Na viti ni vinu vya kutwangia, vimepinduliwa, kila kimoja na kipande cha sponji juu yake. Sisi tuliohangaika nusu ya maisha tutoke chini ya nyasi zinazovuja, leo tunalipa ili turudi kukaa chini yake.

Watu wanaipenda. Wanapiga picha na migono. Mimi siipendi, na mwenyewe simpendi, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nitamhurumia mbele ya safari.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa mdogo, ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yanayoeleweka. Matanga yalipokwisha, wakwe zangu walimchukua mtoto wakaenda naye kwao Kabambare. Sikuwapinga. Mimi ni fundi cherehani, nakaa sokoni tangu asubuhi mpaka jioni. Mtoto wa kike wa umri ule nani angemwogesha, nani angemsuka? Tulikubaliana na baba mkwe kwamba umri wa shule ukifika, atarudi kwangu.

Umri ulifika, ukapita. Nilituma maneno kwa waendesha pikipiki wanaokwenda upande ule, na kila mara walirudi na jibu lile lile: tutaona. Hatimaye, mwaka jana, mmoja wao alisimamisha pikipiki mbele ya mashine yangu, akasema baba mkwe anakuja mwenyewe. Anataka kuona ninavyoishi, na jibu atalitoa kwa mdomo wake.

Nilipaka nyumba chokaa. Nilinunua kitanda kidogo na godoro, nikakiweka katika chumba ambacho mama wa binti yangu alikuwa akitunzia vyombo. Nikashona sare, sketi ya buluu na shati jeupe, kwa kukisia kimo, nikaacha pindo kubwa chini ili iweze kushushwa. Nimeshona sare za watoto wa watu wengi katika mji huu. Ile niliishona kwa siku nyingi kuliko gauni lolote la harusi, nikafumua mshono wa bega mara mbili, nikaitundika ukutani juu ya kitanda.

Halafu nikanunua jogoo. Mwekundu, mzito, anatembea uani kama mwenye hati ya kiwanja. Baba mkwe akija kwako kwa neno kubwa, kwetu huwezi kumpa samaki wala nyama ya kupimwa. Unamchinjia kuku, kuku anakuja mezani mzima, na juu kabisa panakaa firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba siku zote. Akija mgeni wa heshima, mwenye nyumba anamwachia. Hakisemwi chochote, inawekwa tu mbele yake, naye anajua amepokelewa. Isipokuwepo, anajua pia.

Shida ilikuwa nani atampika. Jirani yangu, mama mmoja mwenye watoto wengi na moyo mwema, alisema, "Leta ule jogoo, mimi nitapika. Nitapitisha kwa mulango ya nyuma." Nilimshukuru, nikakataa. Baba mkwe angekula, angesikia mkono wa mwanamke katika mchuzi ule, na angejiuliza ni nani. Mjane haingizi mwanamke mwingine jikoni kabla hajawaambia wazazi wa marehemu. Mimi sikuwa na mwanamke wa kuwaambia, lakini sufuria moja tu ingetosha kunisingizia. Kupika mwenyewe nako niliona vibaya. Mkwe anayempikia baba mkwe anatangaza kwamba nyumba yake haina mtu, na mimi nilikuwa nataka kuonyesha kwamba nyumba yangu inaweza kukaa mtoto.

Muuza vitambaa wa jirani pale sokoni ndiye aliyesema, "Si umupeleke kwa ile baa ya kijiji? Ni mutu muzima wa kijiji, atajisikia kwake." Neno lile lilinikaa vizuri. Huko chakula ni cha biashara, hakina mke wala mjane ndani yake. Na pengine, nikubali, nilipenda pia baba mkwe arudi Kabambare akasimulie kwamba nilimpeleka mahali.

Basi asubuhi ya siku yenyewe nikambeba jogoo kwapani mpaka baa. Mwenye baa alikuwa akifagia kinywaji cha jana mlangoni. Nilimweleza kila kitu, pole pole, kama mtu anayempa fundi vipimo: ni baba mkwe, anatoka Kabambare, jogoo apikwe mzima, asichanganywe, na firigisi ikae juu.

"Hiyo iko kazi ndogo, kubwa yangu," alisema. "Saa sita kila kitu iko tayari."

"Na firigisi?"

"Juu kabisa! Hapa iko nyumba ya mila."

Jogoo wangu alikwenda jikoni akipiga kelele. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na furaha ile ndiyo inayoniuma kuliko kitu chochote.

Baba mkwe alikuwa amefika jana yake jioni, mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope, viatu vyake vizuri vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili barabara isiviharibu. Ni mtu mfupi, mkulima wa mpunga na karanga, wa maneno machache. Alivaa koti lile lile alilolivaa tukimzika binti yake. Alinipa kifurushi cha karanga za kukaanga. "Mutoto amezimenya yeye mwenyewe. Alisema ni za baba." Nilizila moja moja usiku kucha.

Asubuhi nilimwonyesha nyumba. Alibonyeza godoro kwa kiganja. Alifungua dirisha la chumba, akalifunga, akalifungua tena. Alishusha ile sare kutoka ukutani, akaipeleka kwenye mwanga, akageuza chini ya sketi.

"Umeacha pindo kubwa."

"Ndiyo, Baba. Atarefuka."

"Atarefuka," alisema, na akatabasamu. Kwangu mimi lile lilikuwa jibu. Lilikuwa limebaki kutamkwa juu ya chakula tu, kama inavyotakiwa.

Tulifika baa saa sita. Muziki ulikuwa mkubwa hata nyungo za ukutani zilikuwa zinatetemeka. Baba mkwe alivua kofia, akakitazama kiti alichoonyeshwa.

"Hii iko kinu?"

"Ndiyo, Baba."

"Ya kutwanga?"

"Zamani, Baba."

"Na watu wanaikalia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwezaje kusahau? Nilikuwa nimepita mlangoni pale mara nyingi, nimeviona vile vinu, na sikuwaza hata kidogo kwamba ni vinu. Kwetu mtoto akikalia kinu mama yake anamchapa, maana chakula kinapotoka hapawekwi matako. Baba mkwe hakukaa. Alibaki amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Na kwa kuwa yeye alisimama, mimi nami nilisimama.

Nikapiga ngoma. Hakuna aliyekuja. Wahudumu watatu walikuwa wameegemea kaunta, vichwa vimeinamia simu moja. Nikapiga tena, kwa nguvu. Meza ya pili vijana wakacheka, mmoja akainua simu akatupiga picha, mzee na fundi cherehani wamesimama kando ya vinu vyao.

"Acha ile ngoma, mukwe," baba mkwe alisema. "Watu watafikiri kuna mutu amekufa."

Nilikwenda kaunta mwenyewe.

"Papa, piga tu ngoma, tutakuja," msichana mmoja alisema bila kuinua macho.

"Nimeipiga."

"Hatukusikia. Muziki iko nguvu."

"Mzee anahitaji kiti."

"Viti haviko. Hapa iko kijiji, papa. Kijiji haina viti."

Baba mkwe ana viti vinne alivyochonga mwenyewe, na kimojawapo kina mahali pa kuegemeza mgongo, nimekikalia. Lakini ungemweleza nini yule msichana? Nilibishana naye mpaka akaleta kiti cha plastiki kutoka ofisini kwa bosi, mguu mmoja una ufa. Baba mkwe akakaa kwa tahadhari. Mimi nikabaki nimesimama nyuma yake.

Kinywaji kilichoandikwa kwenye ubao mlangoni ni malofu, pombe ya mawese, ndani ya kibuyu. Nilikuwa nimemwahidi njiani, naye alikuwa amefurahi, kwa maana si mtu wa bia. Kibuyu kililetwa baada ya muda mrefu. Alikunywa funda moja, akakishusha, akachungulia ndani.

"Hii iko sucré."

Ilikuwa Fanta. Malofu yalikuwa yamekwisha tangu juzi, msichana alisema, lakini kibuyu ni kile kile. Alilisema kama mtu anayenipa punguzo.

Tulingoja. Jua lilikuwa juu ya meza yetu, likasogea kwenye meza ya wale vijana, likatoka nje kabisa. Bugali uliletwa peke yake, ukapoa, ukaota ngozi. Nilikwenda jikoni mara nyingi nikaambiwa kuku iko njiani, ingawa alikuwa amefika pale kwapani mwangu tangu asubuhi. Baba mkwe hakulalamika. Aliuliza habari za soko, za Lualaba kama maji yamejaa, za padri mpya. Nilimjibu nikitazama mlango wa jikoni. Kila kimya kilipoingia niliona anakaribia kusema lile neno lake, halafu anajizuia, kwa sababu lile neno husemwa juu ya nyama.

Hatimaye sahani ikaja. Baba mkwe alifanya ishara ya msalaba, akasali kwa sauti ya chini, akafungua macho. Kuku hakuwa mzima. Alikuwa vipande, katika mchuzi mwekundu wa nyanya ya kopo. Baba mkwe aligeuza vipande kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, bila haraka. Alitoa mguu akauweka pembeni ya sahani. Akatoa mguu mwingine, akauweka kando yake. Halafu akatoa mwingine.

"Mukwe," alisema, "jogoo yako ilikuwa na miguu tatu?"

Hakuwa anatania. Lakini alichokuwa anatafuta haikuwa miguu, na wote wawili tulijua. Alipofika chini ya sahani alifuta kidole, akaweka mikono mapajani.

Nilimshika yule msichana mkono alipokuwa anapita. "Firigisi iko wapi?"

"Firigisi iko ya brosheti, papa. Ile inauzwa peke yake."

"Jogoo ni wangu! Nimeleta mwenyewe, mzima!"

"Mupishi anachanganya zote kwa sufuria moja. Hawezi kujua ya nani ni ipi."

Kwenye meza ya pili, yule kijana wa simu alikuwa ameshika mshikaki, na juu ya mshikaki zilikuwa zimepangwa firigisi, ndogo ndogo na moja kubwa. Aling'oa ile kubwa kwa meno, akaitafuna huku akitazama picha zake. Niliiona. Nikageuka, nikakuta baba mkwe naye ameiona.

Hapo nilipandisha hasira. Nilipiga kelele juu ya muziki wao mpaka mwenye baa akatoka ofisini, akaniwekea mkono begani kuniomba radhi. "Dezole, kubwa yangu. Sasa hivi nawaletea brosheti moja ya bure." Ya bure! Nilimwambia baba mkwe hapewi firigisi za kuokota. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Watu waligeuka kutazama, na nina hakika tulipigwa picha tena.

Baba mkwe alinivuta shati. "Kaa chini, mukwe."

Nikae wapi? Kiti kilikuwa kimoja.

Alikata tonge moja la bugali, akalichovya pembeni ya mchuzi ili asinitie aibu, akalila. Hakugusa nyama. Aliomba maji ya kunawa, na maji hayakuja, akajipangusa kwa leso yake. "Tunashukuru," alisema, akavaa kofia. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Lile neno alilolibeba kutoka Kabambare hakulitoa njiani, wala jioni, wala tulipoagana kwenda kulala.

Asubuhi pikipiki ilikuwa inanguruma mlangoni, viatu vyake vimerudi kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwuliza mimi mwenyewe, maana niliona anaondoka.

"Mutoto akae kwetu kwanza," alisema. "Tutaona."

"Na hii sare, Baba? Uende nayo basi."

Aliitazama sare mikononi mwangu, akafikiri.

"Iache ikae. Uliacha pindo kubwa, itangoja."

Nimemkasirikia sana mzee yule. Aliona kitanda, aliona dirisha, nilimpitisha hata shuleni akaona madarasa, na vyote hivyo vikashindwa na kipande cha nyama kisichofika ukubwa wa dole gumba. Halafu nikimaliza kumkasirikia namwelewa, na kumwelewa ndiko kubaya zaidi. Alikuja kutazama kama nina jicho la kulinda kitu chenye mwenyewe. Nilikipeleka kitu hicho, firigisi yake, kwa watu nisiowajua, nikaamini maneno yao, nikarudi nyumbani nafurahi. Angesema nini? Kwamba mtoto atakuwa salama, kwa sababu godoro ni jipya?

Baa inaendelea vizuri. Mwaka huu mwenyewe aliniletea kitambaa cha rangi ya udongo niwashonee wahudumu wake "nguo za mababu". Nilimwambia mashine imeharibika, mguu wangu ukiwa juu ya kanyagio na gurudumu linazunguka. Akaangalia gurudumu, akaniangalia, akaenda kwa fundi mwingine. Ndiyo kisasi changu chote.

Kiangazi kilipokausha barabara nilikwenda Kabambare. Nilipanda nyuma ya pikipiki na mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba ile sare. Binti yangu alikuwa amerefuka kuliko nilivyokisia; niliona toka mbali, kabla pikipiki haijasimama, kwamba pindo lote likishushwa bado sketi haitafika magotini. Alikuja kunipokea mkoba. Alinisalimia vizuri, kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Sauti yake ni ya mama yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso kwa muda mrefu.

Mama mkwe, kama ilivyo desturi, alibaki jikoni asionane nami wakati wa kula. Viliwekwa viti viwili vya mti, na mimi nikapewa kile chenye mgongo. Binti yangu akaleta maji, akaninawisha kwanza, kisha babu yake. Halafu akaleta kuku. Alikuwa mzima, mabawa yamekunjwa, mchuzi wa mawese unang'aa, na juu kabisa imewekwa firigisi. Nilingoja baba mkwe aichukue, maana nyumba ni yake. Hakunyosha mkono. Alikuwa ananitazama bila ubaya wowote.

Nilinyosha wangu nusu, nikauacha hewani. Binti yangu akaona nimeduwaa, akadhani sijui mambo ya pale kwao, akanisogezea sahani.

"Kula, baba," aliniambia kwa upole. "Firigisi iko ya mugeni."

Nikaichukua nikala, naye akasimama kando yangu, ameshika birika, akingoja nimalize.